Mtumbwi Usio na Waitikiaji

Kama hujawahi kupendwa na mtu anayejua kuimba, usiwe mwepesi wa kumcheka Verediana. Jumamosi ile alitembea kutoka Ujiji hadi Simbo juani, amevaa gauni lake la kwendea kanisani, na kila aliyekutana naye njiani alijua anakokwenda na akajifanya hajui. Mwalimu mzima wa shule ya msingi, binti wa Mzee Leodgar, anamfuata mwanamume shambani. Watu wa njia ile walipata la kuzungumza mpaka jioni.

Mwanamume mwenyewe aliitwa Zénon. Alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka ule watu walipokuwa wakivuka kwa makundi kukimbia mauaji, akapokewa Simbo na mkulima mmoja aitwaye Feliksi, akapewa kibanda na jembe. Kwao alikuwa mwimbishaji, yule anayekaa nyuma ya mtumbwi na kuanzisha wimbo, na wapiga kafi wote wakaitikia na kupiga maji kwa pamoja. Kwa watu wa ziwa hiyo ni heshima kubwa. Mwimbishaji mzuri anaweza kuwafikisha ng'ambo watu waliochoka na wenye njaa, na wakifika wakasikitika kwamba safari imekwisha.

Verediana alimpata kwa sababu ya kitabu. Kwenye kabati la parokia kulikuwa na kitabu cha zamani cha msafiri mmoja Mzungu aliyevushwa ziwa kwa mtumbwi, naye kurasa nyingi alilalamika kwamba wapiga kafi wake walimpigia kelele mchana kutwa. Verediana alisoma akakasirika. Akaanza kuzitafuta nyimbo zenyewe ili awafundishe wanafunzi wake, na wazee wa Ujiji, walipokwama na maneno kuwapotea, wakamwambia kuna mgeni kule Simbo anazijua zote.

Siku ya kwanza alimsomea ule ukurasa. Zénon alisikiliza mpaka mwisho huku akitabasamu.

"Amesema kelele?"

"Kelele. Ameandika hivyo hivyo."

"Maskini. Walikuwa wanamwimba yeye, kofia yake na tumbo lake, na yeye hakujua."

Kisha akashika jembe kama mtu anayeshika kafi, akaimba katikati ya mihogo. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayekuambia jambo lako mwenyewe ulilolisahau, na Verediana, aliyekwenda pale na kalamu, hakuandika hata neno. Kuanzia siku ile hakuna mwalimu aliyependa masomo ya nyongeza kama yeye.

Lakini Jumamosi hii hakuja kusikiliza wimbo. Lori lilikuwa linakuja Jumatatu kuwachukua wageni wote wa Simbo kwenda makazi mapya, mbali, huko Mpanda. Na kesho yake, Jumapili, Zénon alikuwa amepanga kwenda kumposa kwa kafi.

Kuposa kwa kafi ilikuwa desturi ya ukoo wa mama yake Verediana, watu wa mwambao tangu kale. Mposaji haji kwa miguu. Anakuja kwa mtumbwi pamoja na ndugu zake, na mtumbwi unasimama pale ambapo nyuso zinaonekana. Mwimbishaji anawaita ndugu wa mposaji kwa majina, mmoja mmoja, "uri hehe?", yaani uko wapi, na anayeitwa anaitikia, "turi hano", tupo hapa, na kupiga kafi. Wakiisha kuitwa wote, ndipo mposaji anamsifu binti. Mama mzazi amesimama ufukoni anasikiliza. Akiridhika naye anaitikia. Asiporidhika anageuka na kuupa mtumbwi mgongo, na mtumbwi unarudi ulikotoka. Hakuna mposaji wa binti wa ukoo ule aliyewahi kuambiwa hapana kwa mdomo. Baba wa binti anabaki nyumbani. Binti anakuwepo, ila hafungui kinywa, kwa sababu binti anayejiitikia mwenyewe amejioza mwenyewe.

"Nimesikia kwa Bonaventura," Verediana alisema hata kabla ya salamu. Bonaventura alikuwa mvuvi wa Katonga, rafiki wa Zénon, na ndiye mwenye mtumbwi. "Amekutafutia vijana wa kukuitikia, umewakataa. Ni kweli?"

"Ego. Ni kweli."

"Kwa nini?"

"Kaa kwanza. Umetembea mbali."

"Sikai."

"Basi kunywa maji."

"Zénon."

Alipotaja jina lake hivyo, Zénon aliweka jembe chini. Walitazamana. Alikuwa mrefu, mwembamba kuliko ilivyompasa, na macho yake yalikuwa na tabia ya kukutulia usoni mpaka ukasahau ulichotaka kusema. Verediana aliijua tabia hiyo, akaangalia pembeni.

"Pale nitawaita watu wangu," Zénon alisema. "Nikiita Manariyo, aitikie nani? Kijana wa Katonga aliyekuwa anaanika dagaa asubuhi?"

"Ataitikia tu. Ni neno moja."

"Ni neno la baba yangu."

"Baba yako hayupo."

Lilipomtoka tu alitamani kulirudisha. Zénon hakukasirika, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Hayupo," alikubali taratibu. "Sikumzika, Verediana. Yeye, baba mdogo, na Lyse dada yangu, sikumzika hata mmoja. Tulivuka vinywa vimefungwa, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mimi, mwimbishaji, nimekaa nyuma ya mtumbwi na sina wimbo. Kitu walichobaki nacho watu wangu ni zamu yao ya kuitikia. Nikimpa mtu mwingine zamu hiyo ili nikupate wewe, nitakutazamaje?"

"Na mimi? Mimi zamu yangu iko wapi?" Machozi yalikuwa karibu, akayazuia kwa hasira. "Mama akigeuka, Jumatatu unapanda lori peke yako. Hilo umelifikiria?"

"Silifikirii jingine."

"Na bado?"

"Na bado. Mama yako anataka kujua nimetoka kwa nani. Nikimwonyesha baba wa kuazima, atakuwa amempa binti yake mtu asiyemjua."

"Una kiburi wewe."

"Labda."

"Kiburi chote hicho, na shati moja."

Zénon akacheka, na Verediana akachukia kuona naye mdomo unataka kucheka. Alimsogelea akamsafisha udongo kwenye shavu kwa ncha ya kitambaa chake, kwa nguvu, kama anayefuta ubao.

"Ulikuja kunigombeza au kuniona?" Zénon aliuliza kwa sauti ya chini.

"Vyote. Nimemaliza kugombeza."

Walikaa karibu karibu bila kugusana, maana mke wa Feliksi alikuwa anapalilia upande wa pili na masikio yake hayakuwa na kazi nyingine. Verediana alimpenda mpaka akashindwa kumsamehe. Alijua angeweza kumlilia, na akimlilia huenda angekubali, na alijua pia kwamba mtu ambaye angekubali hangekuwa tena yule ambaye yeye alimfuata juani. Aliondoka bila kuaga.

Jumapili baada ya misa alimkuta mama yake nyuma ya nyumba akipaa samaki aina ya migebuka. Mama Verediana alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu, na hakumung'unya maneno hata siku moja. Alimwita Zénon "yule". Kwa muda wote huo hakuwahi kumtaja kwa jina.

"Yule anakuja leo?"

"Anakuja, mama."

"Na nani?"

"Peke yake."

Kisu kilisimama. Kisha kikaendelea.

"Unajua kwa nini wazee walitaka ndugu waitikie?" mama aliuliza. "Si kwa ajili ya kupendeza masikio. Siku mwanamume akikuinulia mkono, mimi najifunga khanga naenda kwa baba yake. Nakaa pale barazani, sili, siondoki, mpaka nipate jibu. Huyu wako nikakae kwa nani? Huko Mpanda porini, nikaishtakie miti?"

"Zénon hawezi kunipiga."

"Wote hawawezi wakiwa wachumba."

Ndani ya nyumba Mzee Leodgar alikohoa. "Mimi sijakupiga hata baadaye," alisema kupitia dirishani.

"Wewe leo huna kauli. Kaa ulipo."

Mzee akakaa alipo. Verediana alijua baba yake anampenda Zénon, alikwishamsikia akivumisha mojawapo ya nyimbo zake alipokuwa anachonga mpini, lakini siku ya kafi mapenzi ya baba hayahesabiwi.

"Simchukii," mama aliendelea, sauti ikiwa imepungua. "Ana adabu. Akiniamkia anasimama mpaka nimalize kuitikia. Ila ni mtu asiye na mbele wala nyuma, mwanangu. Na anataka kukuchukua wewe, niliyekuzaa kwa taabu nikabaki na mmoja tu, akakuweke mahali pasipo na ziwa. Nitaamka asubuhi nimwite nani?"

Verediana alichuchumaa akachukua samaki mmoja akaanza kumpaa, na machozi yakamdondokea mikononi. Mama aliyaona, akajifanya anatafuta chumvi.

"Utakuja kumsikiliza, mama?"

"Nitakuja. Desturi hainipi ruhusa ya kutokuja. Ila kuitikia hainilazimishi."

Ufukoni kulikuwa na watu wengi kuliko ilivyohitajika. Habari ya mposaji asiye na ndugu ilikuwa imeenea Rusimbi yote, mtaa wao pale Ujiji, na wanawake walikuja wamejitanda khanga zao nzuri, wengine kwa huruma na wengine kwa umbea, na Yasmini, jirani wa mlango wa pili, kwa yote mawili. Mama Verediana alisimama mbele, bado amevaa viatu vyake vya kanisani. Verediana alisimama nyuma yake, hatua moja, midomo imefungwa kama ilivyotakiwa.

Mtumbwi ulitokea upande wa Katonga. Ulikuwa mtumbwi mrefu wa Bonaventura, wa watu wengi, na ndani yake alikuwamo mtu mmoja, nyuma kabisa, mahali pa mwimbishaji. Kwenye kila ubao wa kukalia alikuwa amelaza kafi. Alivuta mtumbwi ule mzito peke yake bila kupinda, kafi likiingia majini bila kurusha hata tone, na wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliacha kushona wakatazama. Kazi ile waliijua. Mmoja alinyoosha shingo akasema polepole kwamba hapo pana mtu aliyefundishwa.

Alisimamisha mtumbwi pale nyuso zinapoonekana. Alikuwa amevaa lile shati lake moja, limefuliwa. Hakumtazama Verediana. Alimtazama mama, akainamisha kichwa, akaanza.

"Manariyo, baba, uri hehe?
Wewe uliyenifundisha kuyasikiliza maji kabla ya kuyapiga,
uri hehe?"

Akanyamaza. Aliinua kafi juu na kulishikilia, maji yakidondoka, kwa kitambo kile kile ambacho baba yake angekitumia kuitikia. Kisha akapiga maji mara moja. Yasmini aligeuka kuwatazama wenzake.

"Mbona hajiitikii?" alinong'ona. "Si angejiitikia mwenyewe yaishe?"

"Nyamaza," alisema mama Verediana bila kugeuka.

"Ntakarutimana, baba mdogo, uri hehe?
Wewe uliyebeba mtumbwi kichwani tukakufuata kwenye kivuli chake,
uri hehe?"

Akainua kafi tena, akangoja tena. Sasa hakuna aliyenong'ona. Verediana alikuwa amezisikia nyimbo hizi shambani mara nyingi, zikichekesha, zikijisifu, zikimtania nahodha mvivu na mwanamke mwenye ulimi. Hakuwahi kuusikia wimbo ukiwa na mashimo. Aliona jinsi Zénon anavyozitunza zile nafasi, bila kuzifupisha, bila kuziharakisha kwa aibu ya kutazamwa na mtaa mzima, na hasira yote ya jana ikamtoka. Alijivunia mtu wake mpaka kifua kikamuuma. Akasema moyoni kwamba hata akikataliwa leo, yeye amekwisha kuolewa.

"Lyse, dada, uri hehe?
Wewe uliyeitikia siku zote kabla sijamaliza kuita,
Lyse, uri hehe?"

Hapo sauti ilimtetemeka. Aliinua kafi, akangoja. Alingoja zaidi ya alivyowangoja wengine.

Mama Verediana akageuka akaupa mtumbwi mgongo.

Mguno ulipita kwa wanawake. Yasmini akashika mdomo. Mtu mmoja akaanza kukusanya khanga yake aondoke, maana kwa desturi jambo lilikuwa limekwisha. Kule majini Zénon alikuwa ameona. Kafi bado lilikuwa juu. Verediana akasahau ukoo, akasahau aibu, akafungua kinywa aitikie mwenyewe.

Mkono wa mama yake ukaja haraka ukamziba mdomo.

"Funga," mama alisema. "Si zamu yako."

Macho ya mama yalikuwa mekundu. Verediana hakuwahi kuyaona hivyo tangu msiba wa bibi. Mama aliinama, akahangaika na ukanda wa kiatu kimoja, kisha cha pili, akavivua na kumtia binti yake mikononi. Alimtazama kwa muda, kuanzia paji la uso mpaka kidevu, kama mtu anayesoma kitu ambacho hatakuwa nacho kesho. Kuitikia kulikuwa na maana moja tu. Jumatatu lori lingeondoka na Verediana pia, na nyumba ya Rusimbi ingebaki na wazee na ukimya wao.

"Mtoto wa kike anaitwa," mama alisema, na alikuwa anajisemea mwenyewe, "anaitwa na kaka yake, halafu pawe kimya. Siwezi."

Akaingia majini. Aliingia mpaka magotini, mpaka mapajani, khanga yake ya Jumapili ikielea pande zote, na aliposimama akaweka mikono kiunoni.

"Turi hano," aliitikia.

Haikuwa sauti ya kuimba. Ilikuwa sauti ya kuita watu mezani, na ilifika mpaka kwa wenye nyavu. Yasmini, ambaye hakuwa wa ukoo ule wala hakuwa na haki yoyote ya kufungua mdomo, ndiye aliyefuata, "turi hano", na nyuma yake wanawake wote, wenye huruma na wenye umbea, mpaka wanaume wakaweka nyavu chini wakaitikia nao.

Zénon hakupiga kafi. Alikaa vile vile, mkono juu, machozi yakimshuka mpaka kwenye kola, na mwimbishaji yule ambaye hakuwahi kupotewa na mstari hakuwa na neno hata moja. Mtumbwi ulianza kuyumba na kugeuka wenyewe.

Mama Verediana alimngojea kidogo. Kisha akamwita, kwa ukali wake wa kila siku.

"Mbona umenyamaza? Endelea, mwanangu. Bado hujatuambia umemfuata nani."